Mkato wa Kwanza

Kaka yangu alinipiga kwa mpini wa shoka kwa sababu ya msumeno. Naanza na hilo kwa kuwa watu wa Titye wanaotukumbuka huanza na hilo, na wengi huishia hapo hapo, wakicheka. Sisi wawili tulikuwa wapasuaji mbao, yeye kanizidi miaka sita, na msumeno wenyewe ulikuwa wa injini, wa kwanza kuonekana kijijini kwetu. Ukiunguruma, mbuzi walikata kamba.

Tuliupata Kibondo, kwa wajenzi wa barabara waliokuwa wanaondoka, ukiwa tayari umeshachoka. Tulitoa ng'ombe wawili kati ya watatu alioacha baba, na wazo lilikuwa langu. Kaka hakutaka. Yeye alizoea msumeno wa mikono, mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine anavuta kutoka shimoni, na aliyekuwa shimoni akila unga wa mbao mchana kutwa ni mimi. Nilimwambia kama anaupenda sana ule wa mikono, basi ashuke yeye. Ng'ombe wakaenda.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, tukapangwa mstari kando ya barabara, na nyumba zetu za zamani zikatiwa moto ili tusirudi. Nyumba ya baba iliungua tukiwa tumesimama uani. Kaka alimrukia mmoja wa waliowasha, akamkaba koo mpaka macho ya mtu yule yakamtoka, na walihitajika watu watatu kumbandua. Mimi sikumsaidia. Nilikuwa ndani ya moshi natafuta msumeno wetu wa injini, na nilipoutoa nje nilijiona shujaa.

Kijiji kipya kilitaka mbao kwa pupa. Shule ilitaka madawati, kila nyumba ilitaka mlango, na waliokufa kwa kuhara mwaka ule walitaka masanduku. Tulipasua mfululizo, masika na kiangazi. Msumeno ukaanza kufa kidogo kidogo. Kwanza ulikohoa asubuhi, kisha ukawa unazimika katikati ya mti, halafu cheni, yaani ule mnyororo wenye meno unaokata, ikalegea na kuruka kutoka kwenye reli yake. Siku moja iliruka ikanikata ncha ya kandambili ya tairi, ikaacha kidole gumba kimechungulia nje, kizima. Nilicheka. Kaka alizima injini, akaketi chini kwenye majani, akasema mimi na huu msumeno basi.

Alikwenda Kasulu mjini kwa mwenye duka mmoja, Mwislamu mwenye ndugu zake pwani. Yule bwana akamwambia anaweza kuagiza mpya kutoka Dar es Salaam, uje kwa treni mpaka Kigoma, pengine miezi mitatu, pengine zaidi, Mungu akijalia. Maana yake ng'ombe wa tatu aende. Nikakataa. Nilitoa sababu nyingi, za maziwa na za mbolea, na zote zilikuwa za uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Kumtoa wa tatu kungekuwa kukiri kwamba wale wawili niliwatupa.

Basi nikaubeba msumeno begani hadi njia ya Manyovu, kwa fundi aliyekimbia kutoka Burundi, mtu wa kutengeneza baiskeli na pampu. Aliufungua juu ya gunia, akanusa kila kipande, akasafisha kabureta kwa unyoya wa kuku. Kisha akaiinua cheni, akanionyesha matundu ya pini yalivyoliwa.

"Injini, ego, ndiyo, inaishi," alisema. "Cheni hii usiirudishe kazini. Itamuua mtu."

Nikamuuliza nitapata wapi cheni mpya wakati maduka hayana hata sabuni. Akasema hilo halijui, analojua ni kwamba yeye haigusi. Nikamwita mwoga. Akafunga injini yangu, akanipa cheni mkononi, akarudi kwenye baiskeli zake bila kunitazama tena.

Niliitengeneza mwenyewe. Nilikata vipande vilivyochoka, nikaunga vingine kutoka cheni ya zamani zaidi, na mahali pa pini nikatia misumari ya inchi nne, nimeikata mifupi na kuiponda kichwa pande zote mbili juu ya jiwe. Pini nane. Mbili kati yake nilijua hazikukaa. Niliziponda tena, nikazipaka grisi zisionekane.

Nilipofika nyumbani kaka aliitazama cheni, akaipitisha vidoleni kiungo kwa kiungo, akaniuliza kama nina akili. Nikamjibu kwamba tangu baba afe yeye kazi yake ni kuogopa tu. Hapo ndipo mpini wa shoka ulipoingia. Alinipiga bega la kulia, nikamvaa kiunoni, tukaangukia kwenye udongo wa kukandikia ukuta, nikampiga ngumi za uso na yeye akanigonga kichwa chini mara mbili, tatu, sijui. Nilimng'ata mkono nikasikia ladha ya damu yake nikafurahi. Mke wangu alitumwagia maji ya vyombo, wote wawili, yenye makombo ya maharage. Majirani wa mstari mzima walikuwa wamesimama wanatazama.

Kaka aliinuka wa kwanza. Alitema mate mekundu, akasema sawa, msumeno umetengenezwa, twende kazini. Halafu akaongeza neno moja: mkato wa kwanza ni wako.

Hilo halikuwa tusi. Ilikuwa desturi yetu wapasuaji wa kule, toka enzi za misumeno ya mikono. Aliyetengeneza chombo ndiye anayekata nacho mara ya kwanza, na wenzake husimama mbali kadiri wanavyotaka. Hakuna anayemcheka wa kukaa mbali. Ndivyo fundi anavyoapa kwamba kazi yake ni ya kweli.

Tulikwenda Kitahana, kwenye mininga, sisi wawili na wabebaji wanne. Mninga ukiukata hutoa utomvu mwekundu, na mpasuaji wake hurudi nyumbani na wekundu kifuani na mapajani. Wake zetu walikuwa wameshaacha kushtuka. Nguo zetu za kazi hazikuwa na rangi nyingine.

Asubuhi ile wabebaji walirudi nyuma hatua nyingi. Kaka alirudi hatua kumi. Nilivuta kamba, injini ikaitika mara moja, safi kuliko miezi yote, na meno yakaanza kuzunguka. Nikaziona zile pini mbili. Hazikuonekana hata kidogo, zilikuwa zinapita haraka mno, lakini mimi niliziona. Miguu yangu ikagoma.

Nikazima. Nikasema bega linauma.

Bega halikuwa linauma. Lilikuwa limevimba, ndiyo, lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimelilalia. Kaka alinitazama muda, nami nikatazama mti. Alikuwa na haki ya kusema tusubiri bega lipone. Alikuja akauchukua msumeno mikononi mwangu, taratibu, akaniambia niende wanakokaa wabebaji. Nikaenda. Nilikwenda mbali kuliko wabebaji.

Alikata vizuri mdomo wa mti, lile pengo la upande unakoangukia. Akazunguka upande wa pili, akauingiza tena, unga mwekundu ukaruka, na nikaanza kuona haya kwa woga wangu, nikaanza hata kutabasamu. Kisha ukatoka mlio wa juu, mfupi, na kaka akakaa chini.

Sasa nitasema nilichofanya. Nilikimbia, nikampita, nikauokota msumeno. Nilimwona amekaa ameshika paja na suruali yake ni nyekundu, na kwangu suruali nyekundu ilikuwa suruali ya kazini. Nikatazama reli, nikaona cheni haipo, nikamgeukia nikamfokea. Nilimwita mzembe. Nilimwambia ameuvunja kusudi ili nimuuze ng'ombe. Nikampiga teke la kalio ainuke.

Hakuinuka. Akaondoa mkono pajani kunionyesha, na mkono ule ulikuwa umebaki na vidole vitatu, na kwenye paja kile chekundu kilikuwa kinaruka kwa mapigo. Utomvu hauruki. Mbebaji mmoja alinisukuma nikaanguka, akavua shati akalifunga juu ya jeraha, akakaza kwa kijiti mpaka kaka akalia kama ndama. Cheni tuliikuta imejizungusha kwenye mti nyuma yake, imezama ndani ya gome.

Walimbeba kwa machela ya matawi hadi barabarani, na lori la mihogo likatupeleka hospitali. Njia nzima nilimshikia kile kijiti. Nilimwomba asife, kisha nikamwomba Mungu, kisha nikamwomba tena yeye. Alikuwa macho muda wote ananitazama tu, na nilitamani afumbe macho, na nilipotamani hivyo nikaogopa kwamba atayafumba kweli.

Aliishi. Mguu uligoma kukunjika, na vidole viwili vilibaki Kitahana. Watu walipomuuliza ilikuwaje alisema alitaka kuwahi kukata, akaninyang'anya msumeno. Alisema hivyo mbele ya mke wangu, mbele ya mkewe, mbele ya wabebaji walioona, nao wakanyamaza. Nami nikanyamaza. Nilimchukia kwa huruma ile kuliko nilivyowahi kumchukia kwa mpini wa shoka.

Nilimpeleka ng'ombe wa tatu bila kuambiwa. Mwenye duka akaagiza, na mwanzoni mwa kiangazi akatuma ujumbe kwamba msumeno umefika, upo dukani kwenye sanduku lake, haujaguswa. Nikamwendea kaka kumwambia. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu umenyooka mbele. Nilitegemea shukrani, mjinga mimi.

"Utengeneze kwanza ule wa zamani," alisema.

Nikamwambia ule haufai, ni wa kutupa. Akasema anajua. Nikamwambia cheni haipo. Akajivuta ndani, akaingiza mkono chini ya kitanda akaitoa, na wekundu wake umekauka kwenye viungo. Mbebaji alikuwa ameichomoa mtini akampa.

"Kwa misumari ile ile," akasema. "Ukimaliza niite."

Niliponda pini siku mbili. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu ule maishani mwangu, na bado chuma ni chuma cha msumari. Nikamwita. Alikuja kwa magongo hadi ukingoni mwa kijiji, ambapo palikuwa na mninga mmoja mwembamba. Watu wakaanza kusogea waone, akawafukuza kwa gongo. Kisha hakurudi nyuma hatua kumi wala moja. Alikuja akasimama ubavuni mwangu, karibu kiasi kwamba nilihisi pumzi yake sikioni. Nikamwambia kaka, simama mbali, tafadhali. Akasema desturi inasema mtu asimame anapotaka.

Nilivuta kamba. Nilikata. Mkato ulipinda, na kabla sijafika katikati ya mti nilijikojolea, mkojo wa moto, hadi kwenye kandambili. Sikusimama. Nilikata nikilia kwa sauti, na kwa sababu ya injini nilidhani hanisikii, mpaka mti ukalala na nikazima na nikajisikia bado nalia.

Cheni ilikuwa nzima. Kaka aliitazama suruali yangu, akanitazama usoni, akauchukua msumeno kwa ule mkono wa vidole vitatu na kuutupa majanini.

"Sasa kachukue huo mpya," akasema.