Plagi ya Upande wa Kushoto

Miaka ya themanini nilikuwa fundi baiskeli pale Nyaishozi, na kwa baiskeli sikuwa na mpinzani. Pikipiki nilizijua kwa kuziona zikipita tu. Mwenye duka mmoja wa pale aliponiletea yake nimbadilishie plagi, nilipaswa kukataa. Nikatae? Thubutu!

Plagi ilikuwa upande wa kushoto wa injini. Sasa, kila fundi baiskeli anajua kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Nami nikaizungusha plagi kinyume. Ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye spana, nikaning'inia. Mara ikalainika, nikashangilia, kumbe inazunguka tu, haitoki! Jamani, nilichanganyikiwa. Nilipoivuta kwa koleo ilitoka na chengachenga nyeupe: thredi, ile mizunguko ya ndani ya tundu inayoishika plagi, zilikuwa zimekwisha zote.

Sikuelewa nimekosea wapi. Nikamwambia mwenye duka nimeikuta hivyo hivyo. Akafoka, akamwita fundi mzee wa Murongo, maana ndiye aliyeifunga plagi ile.

Mzee alifika kesho yake kwa baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu."

Alifungua kichwa cha injini, akalipanua tundu, akapaka grisi chuma cha kuchongea thredi ili chenga zinase humo. Alizungusha nusu mbele, robo nyuma, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akaingiza bushi ya shaba yenye thredi nje na ndani. Plagi mpya aliifunga kwa vidole, akiizungusha kuelekea kulia, kama parafujo yoyote ya duniani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile nilikuwa naikaza, siifungui.

"Haya, nani aliiharibu?" mwenye duka akauliza.

Mzee aliigeuzageuza plagi ya zamani mkononi. "Labda ni mimi, waitu, ndugu yangu," alisema. "Labda niliikaza mno siku ile."

Mpaka leo sijui kama alinisitiri au alijishuku kweli. Nilimtazama usoni nikaona wasiwasi tu, na wasiwasi ule ndio unaonichanganya.

Pikipiki iliwaka kwa teke la kwanza. Mwenye duka akamwambia mzee asionekane tena pale. Mzee aliomba radhi, akafunga zana zake kwenye baiskeli, akanipa mkono.

Wiki iliyofuata watu wakaacha kumwita mzee, wakaanza kuniletea pikipiki mimi.