Bwana Saba Apanda Daraja

Kazini walimwita mume wangu Bwana Saba, na jina hilo nililichukia hata kabla sijajua maana yake. Ni mhadhiri wa uhandisi. Miaka kumi na tisa anafundisha jinsi chuma kinavyobeba mzigo, na wanafunzi wanamsifu, lakini siku hizi chuo hakina haja na sifa za wanafunzi. Kuna mashine inayohesabu makala za kila mwalimu na mara ngapi watafiti wengine wamezitaja katika makala zao. Ukiwa na makala nane, kila moja imetajwa mara nane au zaidi, wewe ni nane. Yeye alikuwa saba. Orodha ilibandikwa karibu na mlango wa idara, na chini ya nane walichora mstari mwekundu. Aliye chini ya mstari, mkataba ukiisha hauongezwi, na nyumba ya chuo anairudisha.

Nyumba yenyewe ndiyo hii tunayokaa. Cherehani yangu iko barazani, wateja wangu ni majirani. Ningehamia wapi na vitambaa vya watu?

Makala yake ya nane ilikuwa imetajwa mara saba. Alipungukiwa na mtu mmoja tu, na huyo mmoja alimtafuta kama aliyeangusha sindano kwenye zulia. Aliwaandikia rafiki zake barua za kujipendekeza mpaka nikaona aibu mimi. Kujitaja mwenyewe hakukuhesabiwa, alishajaribu.

Wiki ambayo kamati ingekaa, mtu akapatikana. Mume wangu aliingia jikoni ameikumbatia kompyuta yake.

"Nimekuwa nane," akasema.

Nikapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Yeye akavuta kiti akakaa.

"Soma kwanza."

"Nisome nini? Mimi na uhandisi wapi na wapi?"

Basi akanieleza. Aliyemtaja alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, binti mmoja makini sana. Aliandika kwamba jedwali la kwenye ile makala, la minara ya chuma ya kubebea matangi ya maji, limekosewa: mnara wa kubeba tani mbili umeandikiwa tani nne. Binti alijenga mmoja akaupima, ukapinda.

"Kasema kweli?"

"Kweli tupu. Nimepiga hesabu mara tatu tangu asubuhi. Lazima nilitake jarida liifute ile makala."

"Ikifutwa?"

"Narudi saba."

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikamwambia, "Kamati inakaa Ijumaa, leo Jumatano. Baba watoto, subiri Jumamosi. Kwa siku tatu mnara gani utaanguka?"

Akanitazama sana. Akasubiri.

Mkataba ukaongezwa. Jumamosi ikaja, ikapita. Nilimkumbusha mara moja, akanijibu kwamba orodha inapangwa upya kila mwaka na akishuka watamwita tena. Sikubisha. Nilifurahi kwamba hataki kuandika, huo ndio ukweli, na sina pa kuuficha.

Mwaka uliofuata chuo kikabadili kipimo: sasa wanajumlisha tu umetajwa mara ngapi kwa jumla. Na minara iliyojengwa kwa lile jedwali ikaanza kupinda. Mmoja wa kiwanda cha sabuni, mwingine wa soko. Kila ulipopinda, mtafiti fulani aliandika kwa nini, na akataja jedwali la mume wangu kama chanzo. Mashine haiulizi unatajwa kwa heri au kwa shari. Kwenye orodha akawa wa tisa, akawa wa nne. Jina la Bwana Saba likasahaulika, wakaanza kumwita Mheshimiwa. Na Mheshimiwa mwenyewe akiona tangi barabarani anavuka upande wa pili na kunivuta mkono.

Jumatatu hii mnara wa shule ya msingi umeanguka. Watoto walikuwa madarasani. Chini yake alikuwa mfagizi wa shule, anajaza ndoo. Hospitali wamemkata miguu yote miwili. Fundi aliyeujenga alipohojiwa alitoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mpaka imechanika mikunjoni. Ni nakala kivuli ya lile jedwali.

Jana mume wangu aliletewa barua na mkuu wa idara. Amekuwa wa kwanza katika kitivo kizima, na Ijumaa atapewa cheti mbele ya watu. Aliiweka mezani, juu ya gazeti lenye habari za mfagizi, akakaa hapo mpaka chai ikapoa.

"Nikiandika leo," akasema, "Ijumaa hakuna cheti. Na mkataba hautafika mwaka."

"Andika."

"Na hii nyumba? Na kazi yako?"

"Andika, baba watoto."

"Mbona hukuniambia hivyo Jumatano ile?"

Nilitamani anitukane, hakunitukana. Nikaenda barazani nikaanza kukunja vitambaa vya watu kimoja kimoja, kila kimoja na karatasi ya jina la mwenyewe, waje wavichukue. Ndani nikasikia kompyuta inafunguliwa, kisha anaanza kuandika.