Viwanja Vitatu vya Majani na Kimoja cha Mchanga

Gofu siipendi mpaka leo. Nimeishi na mume mcheza gofu tangu tulipooana, na Ijumaa asubuhi zangu zote zilikuwa ni birika la chai, mkate wa kumimina wa jana na kiti kitupu mbele yangu. Waume wa wenzangu walikuwa wanakwenda kuvua, au wanakaa barazani na kahawa yao. Wangu alikuwa anakwenda kupiga kipira jangwani, anakifuata kilipo, anakipiga tena. Nikimuuliza anapata nini, ananijibu, "Bibi we, hujui." Kweli sikujua, wala sikutaka kujua.

Nasema jangwani kwa sababu mchezo wenyewe aliujulia mchangani. Sisi ni katika wale Waomani waliorudi Muscat kutoka Afrika, yeye kwao Tabora na mimi Unguja, wakati mji huu haukuwa na majani hata ya kumlisha mbuzi. Watu wa kazi za mafuta walijitengenezea uwanja nyuma ya vilima vya Ansab, mchanga na changarawe mwanzo mpaka mwisho. Kila mchezaji alitembea na kipande chake cha zulia. Anakitandika chini, anaweka mpira juu yake, ndio anapiga, maana ukipiga juu ya changarawe unaharibu fimbo. Na pale penye shimo, ambapo viwanja vya kitajiri vina majani mafupi laini, wao walikuwa na duara la mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ya gari ukashikana. Wakaliita brauni.

Hicho kipande cha zulia alikikata kwenye zulia langu jipya la majlis, chumba cha wageni. Alikata pembeni, chini ya kochi, akidhani sitaona. Niliona siku ya pili yake nikifagia. Lilikuwa zulia la mawaridi mekundu, nimelichagua mwenyewe, na sasa waridi zima limekwenda kupigwa fimbo na wanaume. Nilimnunia mpaka mama yake akaingilia kati. Mume wangu alicheka tu, akasema waridi langu ndilo linalomletea bahati.

Brauni ilikuwa na sheria yake. Anayemaliza wa mwisho huchukua ubao wenye mpini mrefu, akauburuta duara zima mpaka nyayo zote zifutike, ili anayekuja nyuma akute pametulia. Na haifutwi mpaka mtu wa mwisho atoke juu yake. Mume wangu aliishika sheria hii kuliko anavyoshika ahadi za kurudi mapema. Aliwahi kukata salamu na mtu mzima, tena aliyemfundisha kazi, kwa kuwa aliondoka bila ya kufuta. Nilimcheka sana. Nilimwambia huko si kucheza, huko ni kufagia, na ufagio upo nyumbani.

Baadaye mji ukapata viwanja vya majani, vya kumwagiliwa maji usiku na mchana, na wenzake wakahamia huko. Yeye alikwenda nao mara chache, akarudi kimya. Mimi nikadhani ni uzee.

Kiharusi kilimpiga akiwa amekaa kitandani anavaa viatu. Nilikuta kiatu kimoja kimevaliwa na kingine kimelala kifuani kwake. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa wote, na ulimi umekwenda nao. Kilichobaki ni mkono wa kushoto na macho. Daktari alitueleza kwamba ulimi ukirudi, hurudi katika miezi ya mwanzo, na kila mwezi unaopita mlango unazidi kuwa mwembamba. Tangu siku hiyo sikuwa nikiishi, nilikuwa nikiusikiliza mlango. Nilitaka kitu kimoja tu, neno moja kutoka kinywani mwake, hata likiwa tusi. Nilitaka kujua kama bado yumo.

Badala ya neno nilipata mkono. Ule wa kushoto alikuwa anaunyanyua kidogo, kiganja chini, akaupeleka huku na huku. Nikimaliza kumlisha, mkono. Nikimaliza kumwogesha na kumfunga shuka, mkono. Wageni wakishaaga, mkono. Nikimzimia taa nimpe mgongo kutoka chumbani, nikigeuka nakuta mkono unakwenda, huku na huku. Ndivyo mtu anavyofukuza nzi, na ndivyo anavyomfukuza mke.

Sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Siku moja binti anayetusaidia kazi, Mkristo wa watu kutoka Iringa, alinikuta jikoni nimeegemea jokofu ninalia.

"Ananitoa, mwanangu," nilimwambia. "Maisha yote haya, leo mkono mmoja uliombakia anautumia kunitoa."

"Mama, usiweke moyoni," alisema. "Mgonjwa huyo. Hata mimi nikishambadilisha ananifanyia hivyohivyo. Baba hana ubaya na mtu."

Sikupoa. Yeye alikuwa anatolewa na tajiri wake, mimi nilikuwa natolewa na mume wangu.

Msichana wa kumfanyisha mazoezi, Mhindi mpole aliyekuwa anakuja nyumbani, ndiye aliyeniuliza mzee anapenda nini. Alisema mgonjwa wa namna hii akipelekwa penye kitu alichokipenda sana, pengine ulimi hushtuka. Nilitamani kusema ananipenda mimi. Nikasema gofu.

Basi ikaanza safari ya viwanja. Mtoto wetu wa kiume alikuwa anatoka kwake Mabela kila Ijumaa na gari kubwa, tunampakia baba yake na kiti cha magurudumu, tunakwenda. Cha kwanza kilikuwa cha baharini. Majani yanang'aa mpaka yanaumiza macho, maji yanarushwa, vigari vya betri vinapita kimyakimya na wazungu waliovaa kofia nyeupe. Tulimweka kwenye kivuli cha mkahawa. Nikamwambia, "Bwana, tazama, gofu hiyo." Akayatazama majani kama anavyotazama ukuta wa hospitali. Tulikaa mpaka jasho likanirowesha baibui, tukarudi.

Cha pili kilikuwa upande wa uwanja wa ndege. Meneja wake, kijana wa shati la kubana, alituzuia mlangoni. Alisema kiti kitazamisha magurudumu, majani yatapata alama.

"Na mume wangu je?" nilimuuliza. "Yeye ana alama mwili mzima. Majani yako yanataka tabibu gani ambaye mume wangu hajamwona?"

"Mama, haya, basi, tuondoke," mwanangu alininong'oneza, kashika mpini wa kiti.

"Siondoki! Nnamtaka mume wangu aone shimo moja. Moja tu!"

Nilipiga kelele, sikuona haya. Mwisho mzee mmoja mfanyakazi alituonea imani, akatuongoza kwa njia ya saruji mpaka karibu na shimo. Wachezaji wanne walikuwa wanamaliza. Walitumbukiza mipira, wakarudisha bendera, wakapeana mikono, wakaenda zao wanacheka. Hapo mume wangu akaanza. Mkono ulikwenda kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona, unagonga ubavu wa kiti, na kooni anatoa sauti ya mtu anayekabwa. Mate yanamtoka. Watu wakageuka. Nilimshika mkono nikidhani ana maumivu, akauchomoa.

Cha tatu, kule chini ya milima, mkono na ile sauti vilianza tangu mlangoni. Tulitoka bila hata kuteremsha kiti kwenye njia ya majani. Ndani ya gari mwanangu hakuwasha injini. Alikaa na usukani.

"Mama, khalas, basi," alisema. "Tunamuadhibu bure. Baba hayumo tena mle."

"Nyamaza."

"Nnakwambia kwa sababu hakuna mwengine wa kukwambia."

"Nimesema nyamaza! Na yeye anakusikia."

"Angekuwa anasikia mama, angekuwa..." Alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake, na mimi sikuwa na nafasi ya kumbembeleza. Mwezi ule ndio daktari alikuwa amenambia nisiutegemee tena ulimi. Nilimchukia daktari, nikamchukia mwanangu, na Mungu anisamehe, nilimchukia na yule aliyekaa nyuma amefungwa mkanda, macho dirishani.

Nyumbani niliingia stoo kuitafuta ile mifuko ya fimbo, nia yangu niitupe. Niliibwaga chini, na katika mfuko wa pembeni likatoka waridi langu. Limechakaa, limechanika katikati kwa kupigwa, linanuka mafuta na vumbi. Nililiweka usoni. Huyu mtu alikuwa na uwanja wake, na mimi nilikuwa nimemzungusha katika viwanja vya watu.

Mwanangu alisema kule Ansab kumekwisha, kumejengwa. Nilimwambia kama hanipeleki, nitachukua teksi, na kiti nitakisukuma mwenyewe. Ijumaa iliyofuata tulitoka baada ya alfajiri, kabla ya joto. Nyumba za Ansab zimepanda mpaka juu ya vilima, nyeupe kwa nyeupe, nyengine bado zina mbao za mafundi. Lami ilipokatika tuliendelea kwa changarawe, tukazunguka rundo la mabomba, na nyuma yake tukapakuta. Uwanja wenyewe ulikuwa umeliwa na nyumba. Iliyobaki ilikuwa brauni moja, nguzo ya chuma imeinama katikati, na kando yake ule ubao na mpini wake, umefungwa kwa mnyororo wenye kutu kwenye pipa. Nani alikuwa bado anaifuta, sijui. Ilikuwa imetulia, haina unyayo hata mmoja.

Kiti kilizama. Mwanangu akambeba baba yake mikononi, mimi nikakiburuta kiti, tukamweka ukingoni. Alifumbua macho mpaka mwisho. Nikavamia ile brauni na makubadhi yangu, nikatandika waridi, nikaweka mpira, nikamletea fimbo mkononi. Nilikuwa nazungumza bila kupumua. "Bwana, piga. Nnakushikia. Piga hata kidogo. Zulia langu hili, unalikumbuka? Nilikununia. Niambie basi nimeshakosea, sema lolote." Nilikwenda huku, nikarudi, nikaokota mpira, nikauweka tena.

Fimbo ikamtoka vidoleni, ikaanguka. Halafu mkono ukaanza. Kiganja chini, huku na huku.

"Hata hapa?" nilimpigia ukelele. "Nimekuleta mpaka kwako, hata hapa unanitoa?"

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama chini. Nikafuata macho yake nikaona nyayo zangu, zimeijaza brauni nzima, kisigino kwa kisigino. Macho yakaenda kwenye ubao, yakarudi kwenye nyayo. Na mdomo wake, ule upande mzima, ukavutika, ukatetemeka, na sauti ikatoka, nene, chafu, lakini sauti yake.

"Futa."

Mwanangu alipiga magoti palepale. "Baba! Mama, baba kasema! Baba kasema!" Akambusu mikono, akambusu magoti, akacheka na kulia.

Mimi sikucheka. Nilisimama katikati ya brauni. Baada ya kula, mkono. Baada ya kuoga, baada ya wageni, baada ya taa. Kila kitu kikiisha. Miezi yote ile hakuwa akinitoa. Ule mkono ulikuwa unafuta: alikuwa ananiambia kwamba yeye kamaliza, tufute, tumwache aende zake. Nilimwomba Mungu neno moja, na Mungu alinipa hilo. Hakuliongezea jengine mpaka tulipomzika.

Mwanangu hakuelewa. Aliuvunja ule mnyororo kwa nyundo ya gari, furaha imemjaa, akaja na ubao, akamtia baba yake mpini kwenye mkono wa kushoto, akaanza kukisukuma kiti pembeni pembeni ya duara. Ubao ukawa unaburuta. Nyayo zangu zikawa zinapotea, za ukingoni kwanza, halafu za ndani, mpaka pakabaki pale niliposimama. Kiti kikasita mbele yangu.

"Mama, toka basi, baba amalize."

"Sitoki."

"Mama?"

"Mimi sijamaliza," nilisema. Na nilimwambia yeye, si mtoto. "Unasikia? Wewe umemaliza, mimi bado."

Hakulazimisha. Ule mkono ulitulia juu ya mpini, ubao umelala mchangani, akangoja, kwa sababu brauni haifutwi na mtu yuko juu yake. Na alinitazama. Tangu siku ya viatu hakuwahi kunitazama hivyo, machoni, bila ya haraka, kama zamani nikimkasirikia naye anangoja nimalize kusema. Alikuwemo. Alikuwemo wakati wote, na mimi ndiye niliyemzuia mlangoni. Nilimlilia hapo hapo, nikamwambia maneno ambayo hayamhusu mtu mwengine. Jua likapanda juu ya nyumba mpya, likatupiga.

Nikaona jasho linamshuka kipajini, na kichwa chake kiko wazi, kofia tumeisahau garini. Hawezi kujifuta wala kujificha jua. Nikaliokota waridi langu, nikatoka.

Akafuta pale nilipokuwa nimesimama.