Ndoo ya Vumbi Katika Ua wa Mme Madipuo

Nthofela Mokoatle alipoajiriwa na manispaa kukagua hewa, mama yake aliwatangazia majirani kwamba bintiye amepewa kazi ya kulinda kitu kisichoonekana. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Pale mjini kwao Rietkop hewa ilionekana vizuri sana. Ilikuwa ya kahawia, ilitua kwenye nguo kambani, kwenye uji na kwenye meno ya watoto, nayo ilitoka kwenye dohani mbili za kiwanda cha kuyeyusha madini ya manganizi, ng'ambo ya reli.

Miaka kumi na moja ya kazi hiyo ilikuwa imemwachia kovu la jiwe juu ya jicho na alama za meno ya mbwa wa getini. Hata hivyo kila mwezi alirudi. Kiwanda hakiruhusiwi kutoa moshi bila leseni ya manispaa, na leseni ile inataja kabisa ni moshi kiasi gani na vumbi kiasi gani. Moshi unapimwa kwa mashine. Vumbi linapimwa kwa ndoo. Ndiyo, ndoo ya plastiki, yenye maji kidogo, inayowekwa wazi juu ya mlingoti mrefu kuliko mtu, kwenye ua wa mtu, kwa siku thelathini. Kinachoanguka kinaanguka. Halafu inafunikwa na kupelekwa maabara.

Mwaka ule leseni ilikuwa inakwisha, na kiwanda kilikuwa kimeshavuka kiwango cha vumbi mara mbili. Mara mbili kinasamehewa. Mara ya tatu, hakuna leseni mpya mpaka kiweke vichujio vya vumbi. Wakubwa wa kiwanda wakawaita wafanyakazi mia nne, wakawaambia vichujio ni ghali, ndoo ikitoka chafu tena tunafunga milango.

Basi kila mtu Rietkop aliijua ndoo ile. Ilikuwa uani kwa Mme Madipuo, yaani Mama Madipuo, aliyemzika mumewe Jumamosi.

Siku ya thelathini ilikuwa Jumanne. Asubuhi, matairi yalikuwa yakiwaka kwenye kona. Gari la manispaa liliposimama, dereva mzee, Ntate Khesa, alivutwa nje kwa kola na wafanyakazi wa kiwanda, akapigwa mipini ya sururu hadi akakaa chini kama mlevi. Nthofela alitokea mlango wa pili akakimbia. Nyuma yake alisikia vioo vikipasuka, kisha petroli ikishika moto.

Alifika uani hana pumzi. Akaegemeza ngazi ya pale uani kwenye mlingoti, akapanda, akabamiza kifuniko juu ya ndoo bila hata kuchungulia, maana wanaume walikuwa wameshafika getini. Mbele yao alikuwa Tshokolo Ralebitso, msimamizi wa tanuru, aliyekaa naye dawati moja darasa la nne. Mkononi alikuwa na chuma cha kuchokorea makaa.

"Shuka, dada wa hewa."

"Tshokolo, umesimama kwenye maua ya Mme."

"Shuka nikuoneshe niliposimama."

Hawakumngoja. Waliitikisa ngazi kama wanaangusha mapera. Alianguka ameikumbatia ndoo, na kiwiko kilipogonga saruji mkono ulilia kwa sauti ya kuni kavu. Akajikunja juu ya ndoo. Teke la kwanza lilimpata ubavuni, la pili sikioni, na dunia ikawa inavuma.

"Achia ndoo tukuachie roho," mmoja alisema.

Nthofela alimuuma kifundo cha mguu mpaka akaonja chumvi.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mjane hatoki kwenye godoro lake la matanga kwenda kugombana, lakini Mme Madipuo alitoka, mweusi kuanzia kitambaa hadi viatu, na mwiko wa sufuria la msiba, mrefu kama jembe. Wa kwanza alimchapa shingoni akalala kifudifudi.

"Mnaua mtu kwenye nyumba ya msiba? Mama zenu wamewazaa kwa bahati mbaya?"

Katika vurugu ile kifuniko kiliruka. Nusu ya maji yakamwagika. Yalikuwa meupe, safi, na chini ya ndoo kulikuwa na kipande cha jani la mshubiri.

Mateke yakakoma. Hakuna mtu Rietkop asiyeyajua maji yenye mshubiri. Ndiyo yanayowekwa getini, watu wakitoka makaburini wanawe mikono kabla ya kuingia.

"Mme," Nthofela aliuliza, damu imemjaa mdomoni, "nani aliishusha?"

Mme Madipuo aliuteremsha mwiko. "Mabeseni hayakutosha, mwanangu. Watu mia mbili, mikono ina udongo wa kaburi. Ningewaacha waingie hivyo? Ilikuwa imejaa tope, nikaisugua vizuri. Wakanawa. Halafu nikatia maji mapya nikairudisha, msije mkanisema." Akamgeukia Tshokolo. "Na wewe uliyebeba jeneza la mume wangu ulikuwa wa kwanza kunawa humo."

Tshokolo aliitazama ndoo, akacheka polepole. "Mbona safi hivyo? Toa hilo jani, funika, peleka maabara. Twende, tutakusindikiza wenyewe."

Wenzake wakacheka. Mikono iliyompiga sasa ilimwinua, ikampangusa vumbi mgongoni. Nthofela alisimama, mkono mmoja ukining'inia. Maji yale yakifika maabara, karatasi itasema hewa ya Rietkop haina kasoro, na leseni itatoka kwa miaka mitano.

Akaipindua ndoo kwa mguu. Maji yakamwagikia Tshokolo kwenye buti.

"Unafanya nini wewe?"

"Iliyooshwa haihesabiwi. Ndivyo nitakavyoandika, na siku thelathini tunazihesabu upya."

Chuma kilimpata pajani. Alienda chini bila kulia, hewa ya kulilia haikuwepo. Tshokolo akakiinua tena, safari hii juu ya kichwa, lakini mwiko wa Mme ukampata usoni, mara moja, mara mbili, mara ya tatu ukavunjika pamoja na pua yake. Tshokolo alipiga magoti kwenye tope la maji yale ya msiba. Wenzake walitazama lile tope, wakatazama viatu vyao, wakaanza kurudi nyuma. Hakuna aliyetaka kulikanyaga. Wawili walirudi kumkokota Tshokolo, na mmoja, kwa hasira tu, aliupiga mlingoti ukapinda.

Ua ukabaki na wanawake wawili.

"Nimekuharibia," Mme Madipuo alisema.

"Wewe ulikuwa unazika." Nthofela alijivuta hadi ukutani. "Leta maji ya bomba. Na waya, tuunyooshe huu mlingoti."

"Mkono wako umegeukia nyuma, mtoto. Kwanza hospitali."

"Kwanza ndoo, Mme. Kalamu iko mfuko wa kulia, mimi siufikii. Andika tarehe ya leo ubavuni mwa ndoo, kwa herufi kubwa."

Mme Madipuo akapiga magoti na nguo zake nyeusi, akaandika.