Mama Pindo na Basi la Nguo za Bluu

Ukisikia mtu mtaani kwetu anasema Mama Pindo aliandaa safari ya hifadhini ili kina mama wapumzike, mwambie mimi nimecheka. Mama Pindo hajui kupumzika kunafananaje. Aliandaa safari ile kwa sababu binti yake wa pekee anafanya kazi huko, na hamu ya kumwona ilikuwa inamla ndani kwa ndani. Ila kusema hivyo mbele ya mtu, aa, angekubali kwanza ang'olewe jino bila ganzi.

Mimi ni msusi, na chumba changu cha kazi kimepakana na chake. Kati yetu kuna ukuta wa mbao, kwa hiyo mambo yake nayajua hata nisipotaka. Yeye ni fundi cherehani. Ana cherehani mbili, moja ya kukanyaga kwa miguu na nyingine ya umeme, ambayo haiamini. Ana meza ya kukatia iliyochakaa upande mmoja tu, ule anaoegemea tumbo. Tena ana tabia ya kuongea huku pini zimejaa mdomoni, hivyo akikutukana huna ushahidi. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Gauni lake litachanika mgongoni, litapauka, litageuzwa tambara la kudekia, na pindo bado liko palepale.

Binti yake tunamwita Bobini, tangu alipokuwa anatambaa chini ya meza ile akikusanya bobini, vile vigurudumu vya kuzungushia uzi, na kuzisukuma kama magari. Alikulia humo. Alijua kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yake akajipangia yote kichwani: mtoto atamaliza shule, atakaa kwenye cherehani ya umeme, na siku moja kazi yote itakuwa yake. Tatizo ni kwamba mwenye maisha yake hakuambiwa.

Siku Bobini alipoingia na habari kwamba amepata kazi hifadhini, mama yake alikuwa anakata suti ya mteja. Hakuinua macho.

"Nenda," alisema. "Lakini hapa usirudi mpaka nikuite mwenyewe."

Maneno ya hasira tu, mzazi gani hajawahi kuyasema? Mtoto mwingine angenuna wiki moja, akarudi na sabuni na sukari, yakaisha. Lakini Bobini kichwa chake ni kilekile cha mama yake. Akasema, "Sawa, mama," akachukua begi lake, na huu ulikuwa mwaka wa nne anasubiri kuitwa. Mama yake naye alikuwa mwaka wa nne anasubiri mtoto arudi bila kuitwa. Habari zilipitia kwa shangazi yake Bobini. Binti akitoka kambini na kupata mtandao, anampigia shangazi, na shangazi anakuja kukaa kwenye kiti changu cha kusukia na kunisimulia kwa sauti ya kupenya mbao. Kazi yenyewe ni ya namna gani, hata shangazi hakuwahi kuambiwa. Upande wa pili cherehani inanyamaza. Shangazi akimaliza, inaanza tena.

Basi siku moja, kwenye kikao cha kikundi chetu cha kina mama, Mama Pindo akasimama na kusema ni aibu watu wazima kama sisi kuijua hifadhi kwa picha za kalenda tu, wakati wageni wanavuka bahari kuja kuiona. Tukatazamana. Mwanamke ambaye hafungi duka hata akiwa na homa, leo anataka kwenda kutazama twiga! Kila mmoja alielewa, na kila mmoja akajitia hamnazo. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akakohoa na kusema kielimu ni wazo zuri sana.

Aliyaandaa yote yeye. Alikwenda kulikagua basi kabla ya kulikodi, akakaa kwenye kila kiti, akamgombeza dereva kwa kiti kimoja kilichotoboka mpaka dereva akamwomba akishone. Akakishona. Alipanga nani atachemsha mayai, nani atabeba chupa za chai, na nani asikae na nani, maana tulikuwa na wawili wasiosalimiana. Mwalimu mstaafu alipojaribu kusaidia alipewa kazi ya kununua mikate, na bado alifuatwa mpaka dukani.

Na sare, bila shaka. Safari gani ya kina mama isiyo na sare? Mimi nilipendekeza rangi ya maziwa.

"Rangi ya maziwa kwenye vumbi?" alisema. "Atafua nani, wewe?"

Akaleta bluu iliyokoza, na chini akatia utepe mweusi mpana kama kiganja. Alisema anataka tuonekane kwa mbali, kisha akajishughulisha na mkasi. Sikumuuliza tuonekane na nani. Siku zote za kushona nilimsikia ng'ambo ya ukuta akijaribu maneno peke yake. "Habari za siku nyingi." Hapana. "Umekonda." Hapana. "Nilikuwa napita tu." Hifadhini, anapita tu! Nilicheka na nywele za mteja ziko mkononi, na machozi yakanitoka hapohapo, maana na mimi nina watoto wa mbali.

Alishona na gauni lingine ambalo halikuwa sare. Alilishona bila vipimo, kwa kukumbuka mwili wa msichana aliyeondoka, na kwa ndani akaacha mshono mpana ili likibana lifumuliwe. Nilipoliona limekunjwa ndani ya mfuko wake nilinyamaza. Nina mdomo, lakini si kwa kila jambo.

Tuliondoka alfajiri tukiimba. Tulipofika getini, askari wa hifadhi, mwanamke mrefu aliyevaa kijani, alipanda kutusalimia. Akasimama mlangoni, akatutazama kuanzia kiti cha mbele mpaka cha nyuma, akaweka mkono mdomoni.

"Shikamooni, mama zangu. Mna nguo nyingine?"

"Hizi zina ubaya gani?" aliuliza Mama Pindo. Ukigusa mshono wake umemgusa yeye.

"Hazina ubaya, mama. Ni kwamba huku kuna mbung'o, wale inzi wanaouma, na hakuna rangi wanazozipenda kama bluu na nyeusi. Mitego yetu ya kuwanasia tunaishona kwa rangi hizohizo. Sasa nyinyi mmekuja mitego mizima mizima."

Basi zima likamgeukia dereva.

"Mimi nilijua," alisema dereva.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ndiyo mtindo."

Nilimkanyaga Mama Pindo mguu, kumaanisha uliza habari za mtoto, huyu ni mfanyakazi mwenzake. Na yeye akanikanyaga, kumaanisha funga mdomo wako. Askari akashuka, lango likafunguliwa, tukaingia.

Sijui kama umewahi kuumwa na mbung'o. Anatoboa nguo, tena anauma kama anakudai. Tulifunga madirisha yote tukawa tunaokwa, na bado waliingia kwa mlango kila tulipouachia nafasi. Wale wawili wasiosalimiana walianza kuuliana inzi migongoni, na makofi mengine, naapa, hayakuwa na inzi. Lakini tuliona wanyama. Tuliona twiga wamesimama katikati ya barabara kama wenye nyumba. Tuliona tembo na mtoto wake, tukanyamaza wote, hata Mwalimu mstaafu.

Mama Pindo hakuona kitu. Nilimwonyesha tembo, akaangalia gari lililokuwa nyuma ya tembo. Kila alipomwona mtu aliyevaa kijani aliinuka kumtazama, mtu huyo akikaribia anakaa. Mfuko wenye gauni alikuwa ameukumbatia. Niliwaza, dada yangu, umepanga safari ya watu wote hawa, na kitu kimoja ulichokijia hujakipanga. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anakuja. Alitegemea hifadhi yenyewe, na ukubwa wake wote ule, imletee mtoto barabarani.

Mchana tulisimama mahali pa wageni kulia chakula, penye meza za mawe. Pembeni, kwenye tawi, palining'inia mtego: kitambaa cha bluu na nyeusi, juu una chandarua cheupe. Wenzangu wakaanza utani, wanausalimia, wanauuliza umetoka kikundi gani. Mama Pindo aliweka yai lake chini, akauendea. Akalishika pindo la chini, akaligeuza ndani nje, akabaki amelishika.

Nilimfuata. "Kuna nini?"

"Huu ni mkono wangu."

"Wako vipi?"

"Limekunjwa mara mbili, na kwenye kona uzi umerudishwa nyuma usifumuke. Nani anarudisha uzi kwenye mtego wa inzi? Ni mimi peke yangu ninayefundisha ujinga huu." Alipitisha kidole gumba kwenye ule mshono, mbele, nyuma. "Amekimbia cherehani yangu, akaja kuwashonea inzi."

Alitaka kuisema kwa hasira, ikamshinda. Mbung'o walikuwa wamemjaa mgongoni na yeye hawasikii. Nikawa nawaua mimi.

Tangu hapo hakutaka kwenda kuona chochote. Alimwambia dereva ageuze basi kuelekea getini, na ajabu ni kwamba hakuna aliyebisha, ingawa simba tulikuwa hatujamwona. Getini alishuka wa kwanza. Safari hii hakuhitaji kukanyagwa mguu.

"Mwanangu," alimwambia yule askari mrefu, "anayewashonea mitego ni nani?"

"Fundi wetu? Binti mmoja mkimya sana. Yuko kambi ya ng'ambo ya mto." Akamtazama vizuri, usoni, kisha kwenye pindo la sare. "Maji yamejaa, mama. Gari halivuki mpaka yashuke, na mimi siwezi kuwaruhusu mlale humu. Muda wa kufunga lango umekaribia."

Mama Pindo alimpa mfuko. Akamweleza kwamba likibana kuna mshono ndani, lifumuliwe. Akamweleza tena. Kisha akageuka arudi kwenye basi, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu mzee. Sikuwahi kuuona hivyo.

"Kuna simu ya upepo," alisema askari. "Kule mtandao haushiki, lakini hii inafika. Ila ni ya wazi, mama. Vituo vyote vinasikia."

"Vyote?"

"Vyote."

"Basi mwambieni tu tulipita."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia, wewe mwanamke, umetufunga kwenye basi kama mikate, umetuvisha chakula cha inzi, nimevimba mpaka kope, leo unataka kuniambia tulipita tu? Unamwonea aibu nani? Hao askari wa vituo huwajui na hawakujui. Sisi tunajua siku zote, mtaa mzima unajua, hata dereva anajua. Mtoto anakusubiri umwite. Mwite!

Wenzangu walikuwa wamejaa madirishani. Hakuna aliyecheka. Mama Pindo akanyoosha mkono, akapewa kile chombo, akaonyeshwa kitufe cha kubonyeza. Askari alitangulia kuongea, akamtafuta fundi wa mitego, akajibiwa asubiri, kisha akaambiwa fundi amefika, akamwachia Mama Pindo.

"Bobini," alisema Mama Pindo.

Maneno yote aliyoyajaribu ukutani hayakuwapo.

"Ni mimi. Nimekuja kukuita. Njoo nyumbani, mwanangu. Nimekukosea, njoo nyumbani."

Tukasubiri jibu. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemponza, na kwa kweli nilitamani ardhi inimeze. Kumbe alikuwa bado amebana kitufe. Askari akamshika kidole taratibu, akakibandua, akamwambia ukibana wewe, yeye hawezi kukujibu.

Redio ikakwaruza. Kisha sauti ikatoka, ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo kuliko tuliyoizoea.

"Mama, sijakusikia vizuri. Rudia."

Mama Pindo akarudia yote, tangu jina. Askari alinisogelea sikioni. "Amesikia," alininong'oneza. "Leo hewa ni safi, mpaka lango la kaskazini wamesikia."

"Rudia, mama," ikasema redio, na sasa sauti ilikuwa inakatika, na haikuwa inakatwa na mtambo.

Lango lilikuwa linasubiri kufungwa. Dereva alizima injini. Mama Pindo akatupa mgongo sisi sote, akakisogeza kile chombo karibu kabisa na mdomo, akabana kitufe, akarudia.