Kumi Mara Nne

"Jirani, una gari la gia nne na unaliendesha kwa gia ya kwanza," anasema Gavra Ćurčin, mikono kiunoni. "Weka hiyo lenzi kubwa tumalize. Nyama inaningoja."

Stanija Radakov hainui jicho kutoka kwenye hadubini. "Nyama yako imeshakufa, Gavra. Haina haraka."

"Mimi ninayo."

"Basi kaa chini. Unanizibia mwanga."

Ni saa tatu asubuhi, mwezi Desemba, katika chumba cha ukaguzi wa nyama cha kijiji kimoja cha Srem, nchini Serbia. Mezani kuna vikopo kumi na saba, kila kimoja na nyama ya nguruwe aliyechinjwa nyumbani na jina la mwenyewe. Kwa miaka thelathini na mmoja Stanija, mwenye umri wa miaka 58, anatafuta kitu kimoja tu: mnyoo wa trikina, anayejificha ndani ya misuli ya nguruwe na kuhamia kwa anayemla.

Kwa kila nguruwe anakata vipande ishirini na vinane, kila kimoja kama punje ya shayiri. Anavibana kati ya vioo viwili vinene mpaka mwanga upenye, kisha anavipitia kimoja kimoja. Lenzi ya juu inakuza mara kumi, ya chini mara nne. Kumi mara nne, arobaini.

"Na ile inayofika mia nne, serikali iliinunua ya pambo?" Gavra anauliza.

"Kuku akikupotea shambani, unamtafuta umesimama, au umepiga magoti pua ikigusa udongo?"

"Inategemea kuku."

"Kwa mara arobaini naona duara la milimita nne na nusu. Kwa mia nne, chini ya nusu milimita. Kifuko cha mnyoo kinajaa hapo chote, naona ukungu tu. Unachoongeza kwa ukubwa unakipoteza kwa upana."

Somo hilo alilipata chuoni. Miaka sita iliyopita akalipuuza.

Hadubini hii ilikuwa mpya, na nyuzi za nyama zilionekana vizuri mno kwa mara mia. Akaanza kutafuta kwa lenzi hiyo. Eneo analoliona lilipungua zaidi ya mara sita, na foleni ilifika barabarani. Akawa anaruka sehemu. Nguruwe mmoja mwenye mnyoo akapita, na muhuri wa Stanija.

Watu kumi na mmoja waliugua. Homa, nyuso zimevimba, macho hayafunguki. Seremala Lazar Belić, baba wa watoto wawili, alifika hospitali wiki tatu baadaye. Moyo wake ukasimama Februari.

"Nilikwenda kumzika," anasema Stanija. "Mjane wake akanipa mkono. Afadhali angenizaba kofi."

Alisimamishwa kazi miezi minne, kisha akarudishwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Sasa macho yanamtoka machozi kila jioni. Machi atastaafu, na amepanga kupita nyumba kwa nyumba na hadubini ya shule, awaonyeshe wanawake kilichomuua Lazar.

Kwenye kipande cha kumi na tisa cha nguruwe wa Gavra, mkono wa Stanija unasimama. Anarudisha kioo nyuma kidogo.

"Njoo utazame."

Gavra anainama. "Naona kidoa. Uchafu huo."

"Sasa ndiyo nakuongezea gia." Anazungusha lenzi mpaka mara mia. Mnyoo amejiviringisha ndani ya kifuko chake kama springi ya saa.

Gavra anakaa. Nguruwe wake alikuwa na kilo mia na themanini, chakula cha nyumba nzima hadi kiangazi. Lakini si hilo analolisema.

"Tumeshaanza kusaga."

Hapa hakuna anayengoja majibu kabla ya kuanza soseji. Mwanamke wa nyumba huchanganya nyama mbichi ya soseji na pilipili na kitunguu saumu, kisha huonja chumvi kwa kidole.

"Mkeo Milunka ameonja?"

"Sijui."

"Gavra."

"Sijui, jirani. Mpigie wewe. Mimi siwezi."

Stanija anapiga, simu ikiwa mezani, sauti wazi.

"Nimeonja mara mbili," anasema Milunka. "Mara ya kwanza chumvi haikukolea. Huyo mzee anarudi lini? Mashine haina mtu wa kuzungusha."

"Iache mashine, dada. Nani mwingine ameonja?"

"Mimi tu. Mkwe wangu hali mbichi, anajifanya mtu wa mjini."

"Mshukuru. Vaa koti, nakuja kukupeleka hospitali."

"Lakini siumwi."

"Ndiyo maana tunakwenda leo."

Utaratibu unamtaka aandike taarifa na kumngoja daktari wa mifugo kutoka wilayani. Stanija anapiga simu wilayani, anawaambia wanaosubiri kwamba asile mtu kitu, anafunga mlango na kuchukua chupa ya rangi ya bluu ya kuharibia nyama isiliwe.

Uani kwa Gavra kuna mabeseni matatu, yanatoa mvuke kwenye baridi. Milunka amesimama kando na koti lake la kwenda kanisani, mikono bado ina mafuta.

"Yote?" anauliza.

Stanija anafungua chupa. Gavra anamnyang'anya, anamimina mwenyewe, beseni moja baada ya jingine, kisha anakoroga kwa mkono hadi nyama yote inakuwa bluu.

"Dawa ikiwahi, inawakuta minyoo bado tumboni," Stanija anamwambia Milunka, akimfungulia mlango wa gari. "Ingia."

Milunka anaingia. Gari linaondoka.