Samaki wa Karai la Dania

Kosa la kwanza nilifanya mimi, tena nikiwa na akili timamu. Wanawake wa chama cha mama walikuwa wamekaa sebuleni kwetu Kiganjo, Thika, kila mmoja na glasi ya maji ya ndimu yenye mbegu za chia, kwa sababu mwezi huo chama kizima kilikuwa kinapunguza tumbo. Chia ikilowekwa hufura. Kila mbegu huvaa utelezi wake, na katikati kunabaki doa jeusi kama jicho. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tangi langu la samaki na sare ya shule, mtoto wa kupigiwa mfano. Nilingoja mpaka glasi zote zikafika nusu. Kisha nikamuuliza mama, kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi, kama kuna mtu ameona lile jagi la mayai ya samaki wangu.

Mweka hazina ndiye alifika kwa sinki kwanza. Mwenyekiti hakufika.

Nilisema ni mzaha. Nilileta pakiti ya chia kutoka jikoni nikawaonyesha. Niliila kavu mbele yao. Wapi. Uongo ukishatoka vizuri, ukijaribu kuukana watu wanaona sasa ndio unadanganya. Chama kilihama kwetu siku hiyo hiyo, na kwa miezi mingi mama alikuwa akienda kukutana na wenzake kwa sebule za watu wengine, akirudi bila kutuambia walikula nini.

Mimi ni mvulana wa pili kwetu, kwa hivyo nina jina la babake mama, na mama huniita "baba" hata akinitafuta na mwiko. Siku hiyo hakuchukua mwiko. Alikaa chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Baba," akasema, "sitaki kusikia neno mayai ya samaki kwa hii nyumba. Usiliseme. Usiliandike. Ukiliota, amka."

Nilikubali. Wakati huo nilikuwa na samaki wa kawaida, wale wadogo wa mikia mipana ambao kila mtu anao na ambao huzaa watoto wakiwa hai. Sheria ya mama haikuwahusu hata kidogo.

Lakini mama hushona nguo Ruiru, na Jumamosi mimi humpelekea chakula. Njiani kulikuwa na mzee wa samaki. Duka lake lilikuwa bucha zamani, na ndoano za nyama zilikuwa bado zinaning'inia juu ya matangi, jambo ambalo sidhani samaki walilifurahia. Huko ndiko niliona wale wawili. Dume alikuwa mwekundu mkiani na samawati ubavuni, kidole kizima cha majivuno. Jike alikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Hawa ni wa madimbwi ya mvua, kule Tana," mzee akaniambia. "Dimbwi likikauka, wao wanakufa wote."

"Sasa mbona hawajaisha?"

"Mayai yanabaki kwa udongo. Yanangoja mvua."

"Yanangoja kavu hivyo?"

"Kavu hivyo. Wewe umewahi kungoja kitu hata wiki moja?"

Sikuwa nimewahi. Nilimpa samaki wangu wote wa kawaida, nikamwoshea matangi Jumamosi tatu, nikarudi Kiganjo na wale wawili kwenye chupa.

Nitawasifu mara moja tu, kwa sababu nina jina la kulinda shuleni. Dume alikuwa akitandaza mapezi yake mbele ya jike kama mwinjilisti aliyeshonewa suti mpya, na jike akiona ametosheka wanashuka pamoja mpaka kwenye bakuli la udongo mweusi nililoweka chini ya tangi, wanatetemeka, na yai moja linaingia udongoni. Moja. Halafu wanaanza upya. Nilikuwa naacha hesabu ya mwalimu ili kuwaangalia, na hesabu haikuonekana kunitafuta.

Mzee alikuwa amenifundisha kazi iliyobaki. Unatoa ule udongo, unaukamua kama majani ya chai, unauacha ukauke mpaka ubaki na unyevu kidogo tu, unaufungia mahali penye giza, unangoja miezi mitatu. Ukiweka maji, wanatoka. Niliufunga kwa mkebe wa mafuta ya kupikia.

Shida ilikuwa kuandika nje ya mkebe. Nilikuwa nimekatazwa kuandika lile neno, na mimi ni mtoto mtiifu nikiwa tayari nimeshikwa. Nilifikiria, nikachukua kalamu nene, nikaandika: UDONGO WENYE RUTUBA. KAZI YA KILIMO, KIDATO CHA TATU. Nilijisifu sana kwa hayo maneno "wenye rutuba". Niliona yana usomi.

Mama hulipa karo, na huheshimu anacholipia. Alifagia kando ya ule mkebe miezi miwili na nusu bila kuugusa. Katika muda huo dume alikufa, wiki ya mtihani, na jike akamfuata. Hawa samaki hawaishi hata mwaka. Nilienda Ruiru kumwambia mzee, nikapata bucha imekuwa duka la simu. Walisema amerudi kwao. Kwa hivyo kila kitu kilichobaki cha wale wawili kilikuwa kwa mkebe chini ya sinki yetu.

Shule ikafungwa. Siku ya pili ya likizo nikapata mkebe umeoshwa, umepinduliwa kwa meza ya vyombo, unachuruzika.

"Mama, ule udongo wangu?"

"Nimepandia dania ya mchuzi. Pale nje, kwa karai."

"Ulikuwa wa shule."

"Si shule imefungwa? Na si wewe mwenyewe uliandika una rutuba?" Akaniangalia. "Ama ulikuwa na nini ingine?"

Hapo ndipo mtu mwerevu angesema ukweli. Lakini chama kilikuwa kimeanza kulegeza msimamo. Mwenyekiti alikuwa amempigia mama simu, na kulikuwa na maneno kwamba huenda mkutano ukarudi kwetu.

"Rutuba tu," nikasema.

Kuanzia siku hiyo nikawa mlinzi wa dania. Mama akinyunyizia maji, nakimbia kuchungulia karai, kwa sababu maji kidogo ndiyo hatari: wanaweza kuamka wakute hakuna mahali pa kuogelea. Nikamwambia nitakuwa nikinyunyizia mimi. Alifurahi. Alimwambia jirani kwamba huyu sasa ameanza kukomaa. Nilikuwa natoa maji matone matone, kama mtu anayetia dawa ya macho, na dania ikaota nyembamba, imenikasirikia.

Halafu mvua ikanyesha, alasiri nzima, ile ya Thika ya kufunga mazungumzo. Mfereji wa paa letu umepasuka juu ya mlango, na mama alikuwa ameliweka karai hapo hapo ili lipate maji ya bure. Karai halina tundu. Lilijaa mpaka dania ikabaki vichwa tu juu ya maji.

Siku ya tatu nilimsikia mama akiita jirani aje aone mbu. Nilipotoka alikuwa ameinama juu ya karai, na mkononi alikuwa na kikombe cha mafuta ya taa. Dada yake wa Githurai 45 alimfundisha hivyo: unamwaga kidogo, yanatanda juu ya maji, viluwiluwi vyote vinakufa.

Niliangalia. Vilikuwa vyembamba kama nyuzi za kushonea, vingi, vimetulia katikati ya maji. Vilikuwa vinaelea vimelala sawasawa, vyote vikiangalia upande mmoja kama watu kanisani.

"Mama, ngoja. Hao si mbu."

"Ni nini?"

"Ni wale."

"Wale nani?"

"Wale ulisema nisiwaseme."

Alininyoosha kwa macho. Jirani, ambaye habari ya chia aliijua kama kila mpangaji wa ploti yetu, akaanza kucheka kabla sijamaliza.

"Baba," mama akasema pole pole, "Jumapili hii ndio chama kinarudi kwangu. Hii Jumapili. Na wewe umeona leo ndio siku ya kunirudishia ile hadithi?"

"Walikuwa kwa ule mkebe. Ule udongo wa kilimo. Niliandika hivyo kwa sababu ulinikataza kuandika ile ingine."

"Kwa hivyo uliposema uongo ulikuwa unanitii."

"Ndio."

"Mwaga tu, mama nanii," jirani akasema. "Huyu hata akiungua atasema ni mzaha."

Mama akainua kikombe. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyatumia siku ya chia. Niliingia ndani nikachukua glasi, na kwa haraka tu ikawa moja ya zile za chama. Nikateka maji ya karai, nikamwekea mama mbele ya macho, upande wa jua.

"Angalia tu. Watoto wa mbu huning'inia juu, kichwa chini, na hujirusharusha. Ukiona hata mmoja amening'inia, mwaga."

Mama aliipokea glasi, akanionyesha kwa kidevu miwani yake ya kushonea mfukoni. Mkono mmoja ulikuwa na glasi na mwingine na mafuta ya taa, kwa hivyo mimi ndiye nilimvalisha. Aliangalia muda mrefu. Ndani ya glasi mmoja wao, mwili wote ni uzi na macho mawili ya fedha, aligeuka akaja mpaka kwenye kioo, akasimama mbele ya pua ya mama, akamwangalia.

Mama akaweka kikombe cha mafuta ya taa chini, mbali na karai, akasema hivi:

"Wana macho. Toa dania yangu humo pole pole, usiwaumize. Na Jumapili mwenyekiti akiuliza wanaoogelea kwa hii glasi ni nini, wewe ndiye utamwambia ni chia."